Kidole Hakina Msuli: Nguvu na Kasi ya Mpiga Besi Zinatoka Wapi?

Jumamosi moja alasiri nilikuwa nimekaa kwa fundi redio, Barabara ya Nane hapa Ngamiani, Tanga, nikisubiri ampu yangu, kile kikuza sauti cha gitaa, iliyoanza kukoroma. Akaingia kijana, gitaa la besi mgongoni, mkononi mpira wa tenisi. Anauminya, anauachia, anauminya tena.

"Shikamoo ami."

"Marahaba. Mpira wa nini tena, unakwenda uwanjani Mkwakwani?"

Akacheka. "Wa vidole, ami. Nimeingia kikundi cha taarabu, lakini wimbo ukichangamka mkono unakuwa mzito kama si wangu. Wameniambia vidole vyangu havina nguvu."

Hao waliomwambia nawafahamu bila kuonyeshwa. Miaka hii video fupi za wapiga besi wenye vidole kama sindano ya cherehani zinazunguka kwenye simu, na kila anayezitazama anaondoka na dawa yake. Huyu anaminya mpira. Yule kanunua kifaa cha springi cha kubana kwa kiganja. Mwingine anachovya ncha za vidole kwenye spiriti ili zikauke ziwe ngumu, na nimemwona kwa macho yangu aliyezipaka supagluu. Wote wanatibu ugonjwa mmoja unaoitwa vidole dhaifu. Ugonjwa wenyewe, kwa karibu kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwangu, sijauona.

Kabla ya kubishana, tukubaliane majina.

Gitaa la besi la kawaida lina nyuzi nne. Kutoka mnene kwenda mwembamba zinaitwa E, A, D na G. Uzi wa besi, kutoka unapoanzia kichwani hadi unapotua kwenye daraja, una urefu wa sentimita 86 hivi. Wa gitaa la solo ni kama sentimita 65. Ule mnene ukipigwa wazi unatikisika mara 41 kwa sekunde, mwembamba mara 98. Kwenye shingo vimelazwa vyuma vyembamba vinavyoitwa freti. Ukibana uzi nyuma ya freti unaufupisha, na sauti inapanda. Mkono wa kushoto unabana, wa kulia unacharaza. Wenzangu wenye mashoto mgeuze wenyewe, mmeshazoea.

Sasa yale maneno matatu yanayovurugwa vijiweni. Nguvu ni uwezo wa kuubana uzi mpaka utoe sauti safi, bila kukwaruza. Kasi ni noti ngapi unazipiga kwa sekunde zikiwa bado zinasikika moja moja. Ustahimilivu ni kuyafanya hayo saa tatu za harusi bila mkono kukukatalia. Kijana wa mpira alidhani amekosa la kwanza. Lililokuwa linamsumbua ni la tatu, na sababu yake, kama tutakavyoona, ni kwamba la kwanza alikuwa nalo kupita kiasi.

Waya wa breki

Tanga ni mji wa baiskeli, kwa hiyo hapa nina urahisi kuliko mwalimu wa mji mwingine. Shika breki ya baiskeli. Unabana kwenye usukani, lakini kinachosimamisha gurudumu ni kale karaba kanakong'ata rimu. Karaba kenyewe hakana nguvu hata kidogo. Nguvu imetoka mkononi mwako, ikasafiri kwenye waya uliopita ndani ya ala yake, ikafika chini.

Kidole ni ile raba. Ndani ya kidole hakuna msuli hata mmoja wa kukikunja wala kukinyoosha. Kuna mifupa, kano, mishipa ya damu na ya fahamu, mafuta kidogo na ngozi. Misuli mikubwa inayokunja vidole imelala kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, na inavuta vidole kwa kano ndefu kama waya wa breki. Misuli mingine midogo iko kiganjani, hiyo inasaidia kutanua vidole na kuvichezesha kwa ustadi. Usiniamini hivi hivi: zungushia mkono wa kulia kwenye kigasha cha kushoto, karibu na kiwiko, kisha chezesha vidole vya kushoto kama unapiga besi. Utasikia nyama inatembea chini ya ngozi, mbali kabisa na vidole vyenyewe.

Kijana alifanya hivyo pale pale kwa fundi, akakodoa macho. Mpira akauweka mezani.

Ukishakubali habari ya waya, mengi yanajieleza. Kila mwenye baiskeli anajua kwamba waya wa breki ukipindwa kwa ghafla unakaza. Unabana kwa nguvu zote na raba inagusa kidogo tu. Kano zako zinapita kwenye kifundo cha mkono, ndani ya njia nyembamba iliyozungushiwa mifupa upande mmoja na utepe mgumu upande wa pili. Ukipiga besi huku kifundo kimepinda kama mpini wa jembe lililovunjika, unasuguanisha kano hizo na kujipunguzia nguvu mwenyewe. Mara nyingi dawa ya "vidole dhaifu" ni kuurefusha mkanda au kuufupisha mpaka mkono ufike shingoni kwa gitaa ukiwa umenyooka. Wanaoshusha besi mpaka magotini kwa ajili ya picha wanalipa gharama ya picha hiyo.

Na mpira je? Mpira unafundisha vidole vinne na gumba kubana kwa pamoja, kwa nguvu, na kung'ang'ania. Besi inataka kila kidole kishuke peke yake, kwa wakati wake, kisha kiondoke. Mwili hujifunza kile hasa unachoufanyisha. Ukiminya mpira miezi sita utakuwa hodari wa kuminya mpira. Faida itakayofika kwenye besi ni ndogo sana, na tabia ya kung'ang'ania utakuja nayo bure.

Kidole cha pete na ndugu zake

Kuna mchezo wa watoto wa kuwekeana dau. Weka kiganja mezani, vidole vimenyooka, kisha kunja kidole cha kati peke yake ukiingize chini ya kiganja. Sasa nyanyua gumba. Sawa. Nyanyua cha shahada. Sawa. Cha mwisho, sawa. Nyanyua cha pete. Hakinyanyuki. Unaweza kukikazia macho mpaka jasho likutoke.

Watu wanasema kidole cha pete ni kivivu. Ukweli ni kwamba kimefungwa. Kano zinazonyoosha vidole zimeunganishwa nyuma ya kiganja kwa vitepe, na cha pete ndicho kilichobanwa zaidi, kati ya cha kati na cha mwisho. Cha shahada na cha mwisho vina msuli wa ziada wa kuvinyoosha, kila kimoja wa kwake. Cha pete hakina. Huwezi kuvikata vitepe hivyo kwa mazoezi. Unachoweza ni kuufundisha ubongo kupanga mambo kwa kuheshimu ndoa hiyo.

Ndiyo maana wapiga besi wengi, wakiwa chini kwenye freti za mwanzo, hawatumii kila kidole kwa freti yake. Wanatumia cha shahada, cha kati na cha mwisho, huku cha pete kikikisindikiza cha mwisho kwa kubana pamoja nacho. Mtindo huo umetoka kwa wapiga besi kubwa ya kusimama. Kuna hesabu nyuma yake pia: kwenye besi ya kawaida, kutoka freti ya kwanza hadi ya nne ni kama sentimita 13; kutoka ya 12 hadi ya 15 ni kama 7. Kule juu weka kila kidole kwenye freti yake ujidai. Chini, ukijilazimisha kutanua sentimita 13 wimbo mzima, unatafuta maumivu kwa mikono yako.

Hapa ndipo anapoingia mwenye vidole virefu, anayehusudiwa na wote. Urefu unasaidia kidogo kule chini, sikatai. Lakini mwenye vidole vifupi anayehamisha mkono wake kwa wepesi anafika kila mahali anapofika mwenye virefu.

Bei halisi ya noti moja

Nyuzi nne za besi zikishatiuniwa zinaivuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70 kwa jumla, uzito wa mtu mzima. Ukiisikia hesabu hiyo utadhani kweli inahitajika misuli ya mchukuzi wa bandarini. Lakini wewe huvuti uzi kwa urefu wake. Unausukuma pembeni tu, milimita mbili tatu, ugusane na freti. Hiyo ni kazi ndogo mno.

Ndogo kiasi gani? Jaribu hivi. Weka kidole juu ya uzi bila kubana, charaza. Utasikia mlio mfu, kama kugonga boksi. Endelea kucharaza huku unaongeza uzito wa kidole polepole. Itafika mahali sauti inakwaruza. Ongeza kidogo. Itafika mahali ghafla inasafika. Simama hapo hapo. Hiyo ndiyo bei halisi ya noti hiyo. Chochote unachoongeza juu yake, sauti haizidi kuwa nzuri. Unakuwa kama mgeni anayenunua samaki sokoni bila kushusha bei.

Sasa rudia kidole kikiwa katikati ya freti mbili, halafu kikiwa jirani kabisa na freti ya mbele, nyuma yake tu. Utaona bei imeshuka tena. Kusogeza kidole sentimita moja kunakupa "nguvu" ambayo mpira wa tenisi usingekupa kwa mwaka.

Mimi nililipa bei ya mgeni kwa miaka mitatu. Nilikuwa nabana shingo ya besi kama mtu anayening'inia mlangoni mwa daladala, gumba limezama nyuma, meno yameumana. Wimbo wa pili tu kigasha kilikuwa kimekaza kama kuni. Nikadhani dawa ni kukiongezea nguvu, nikanunua springi. Kigasha kikazidi kukaza, maana nilikiongezea uwezo wa kufanya lile lile kosa. Kilichonizindua hakikuwa mwalimu wa muziki.

Shangazi yangu wa Tongoni, Mungu amrehemu, alikuwa msuka ukili, ule ukanda wa kushonea mikeka. Nilikwenda kumjulia hali, nikakaa naye kibarazani. Alikuwa anasimulia habari za harusi ya jirani, tambuu mdomoni, macho yako njiani kwa wapita njia, na huko chini vidole vinakwenda: uchane unalala, unapita chini, unavutwa, mwingine unashika nafasi. Hata hakuviangalia. Nikamshika kigasha kwa utani. Kilikuwa laini kama mkate wa kumimina. Mwanamke wa miaka 70 na kitu, vidole vyake vilikuwa na kasi kuliko vyangu, na mkono mzima ulikuwa umelala usingizi.

Hakuna aliyewahi kusema shangazi ana vidole vyenye nguvu. Tulisema ana mkono mwepesi. Kiswahili kilikuwa na jibu siku zote na hatukukisikiliza: mwepesi ni asiye na uzito, na mwepesi ni mwenye kasi, neno moja. Kijana wa mpira naye alilisema mwenyewe bila kujua, pale aliposema mkono unakuwa mzito.

Kukanyaga pedali huku umekamata breki

Kila kidole kina misuli inayokikunja na misuli inayokinyoosha. Ili kishuke upesi, ile ya kunyoosha lazima iachie. Ili kinyanyuke upesi, ile ya kukunja iachie. Mtu akikakamaa, pande zote mbili zinavuta kwa pamoja. Ni kukanyaga pedali za baiskeli huku umekamata breki: unatoka jasho, minyororo inalia, na uko pale pale mbele ya msikiti.

Kwa hiyo anayetaka kasi asijifunze kubana upesi, ajifunze kuachia upesi. Noti inaisha kwa kidole kulegea, si kwa kidole kurukia juu. Angalia vidole visivyofanya kazi wakati mwenzao anabana. Kwa mwanafunzi utaviona vimesimama kama masikio ya punda aliyesikia jambo. Kila kimoja kitalazimika kusafiri safari ya kurudi kabla ya kufanya kazi, na safari ni muda.

Hesabu zenyewe hazitishi. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika una mapigo mawili kwa sekunde. Ukitia noti nne ndani ya kila pigo, ni noti nane kwa sekunde, na hiyo tayari ni kasi ya kumfanya mtu wa mbele atoe simu arekodi. Mkono wa kulia ukicharaza kwa vidole viwili vinavyopokezana, cha shahada na cha kati kama miguu ya mtu anayetembea, kila kidole kinapiga mara nne kwa sekunde. Gonga meza mara nne kwa sekunde kwa kidole kimoja. Umeweza? Basi misuli ya kasi unayo tangu utotoni. Kinachokosekana ni mpangilio: mkono wa kushoto na wa kulia vifike kwenye noti moja kwa wakati mmoja. Mikono ikipishana hata kidogo, sikio linasikia fujo, na mwenye mikono anadhani hana kasi.

Na kwa wanaodhani kasi ni wingi wa vidole: James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za Motown kule Detroit, Marekani, miaka ya 1960, alicharaza kwa kidole cha shahada peke yake. Kidole hicho kilipewa jina la utani, ndoano. Sisemi muige; viwili vinapunguza uchovu, vitumieni. Nasema tu kwamba mtu alijenga mistari ya besi inayosomwa duniani kote kwa kidole kimoja.

Kuna ujanja mdogo hapa wa mkono wa kulia ambao nautaja upesi. Ukitoka uzi mwembamba kwenda mnene, usikimbilie kubadilisha kidole. Kidole kilichocharaza kinamalizia safari yake kwa kutua kwenye uzi unaofuata. Kwa kuwa kimeshafika, kiache kicharaze huo pia. Ni kama kushuka ngazi. Kwa kupanda, pokezana kama kawaida.

Lakini niseme jambo ambalo video hazisemi. Uzi wa E unatikisika mara 41 kwa sekunde. Ukipiga noti nane kwa sekunde juu yake, kila noti inapata nafasi ya kutikisika kama mara tano tu kabla hujaikatiza. Sikio la msikilizaji linapata shida kuitambua noti; mara nyingi linasikia ngurumo. Ndiyo sababu mbwembwe za kasi mara nyingi hupigwa kwenye nyuzi nyembamba na freti za juu. Mnaojitesa kukimbia kwenye uzi mnene mnashindana na maumbile ya sauti, si na vidole vyenu. Sisi wa Tanga tungepaswa kulijua hili kabla ya wengine, maana mji huu umetoa bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz kwenye dansi, na vikundi vya Black Star na Lucky Star vilivyoingiza magitaa ya umeme, besi ikiwamo, kwenye taarabu. Sikilizeni besi katika rekodi zile. Inatembea kwa hatua zake, inakaa inapotakiwa, na watu wanacheza.

Mazoezi, dakika ishirini

Kijana wangu aliuliza swali la haki: sasa nifanye nini? Nilimwonyesha zoezi moja, na sikumpa la pili mpaka leo.

Pakua kwenye simu programu ya metronomu, ile inayogonga mapigo sawasawa, iwekee mapigo 60 kwa dakika. Cha shahada kiwe freti ya tano, cha kati ya sita, cha pete ya saba, cha mwisho ya nane, kwenye uzi wowote. Noti moja kila pigo. Bana kwa bei halisi uliyoipata kwenye jaribio, usizidishe. Noti ikitoka, macho yaangalie vidole vingine: vibaki karibu na uzi, unene wa kidole kimoja, si zaidi. Gumba nyuma ya shingo liguse tu; liondoe kabisa mara moja moja uone kama sauti inabaki. Ikipotea, ujue ulikuwa unang'ang'ania. Pumua. Mnacheka, lakini wengi hubana pumzi wakifika penye ugumu, na mabega yanapanda mpaka masikioni.

Ukiipata safi mara tano mfululizo, ongeza mapigo manne. Ukikosea mara mbili mfululizo, rudi nyuma manne, bila kinyongo. Mwishoni, ukishapata joto, piga vipande vifupi vya kasi: noti nne haraka kadiri uwezavyo zikiwa safi, kisha nyamaza, legeza mkono wote, kisha nne tena. Kukimbia kwa kitambo kidogo kunaufundisha ubongo ishara ya kasi bila kuupa nafasi ya kukakamaa. Polepole peke yake haitoshi. Anayetembea maisha yake yote hajui kukimbia.

Dakika 20 zinatosha, ila ziwe za kila siku. Wiki za mwanzo, maendeleo unayoyaona si misuli kukua. Ni mfumo wa fahamu unajipanga, unajua sasa umwite nani na umwache nani. Sehemu ya kazi hiyo ubongo unaifanya ukiwa umelala. Anayepiga kwa muda wa saa mbili na dakika 20 Jumapili tu anapata usingizi mmoja wa kuhifadhi. Anayepiga dakika 20 kila siku anapata saba.

Labda si wewe, ni besi

Besi nyingi ninazoletewa zina nyuzi zilizonyanyuka kutoka kwenye shingo kama kamba ya kuanikia nguo. Kila milimita ya ziada inapandisha bei ya kila noti, usiku mzima. Tuna jua kali hapa na unyevu wa bahari. Mbao zinacheza, shingo inapinda. Ndani ya shingo kuna chuma kirefu cha kuirekebisha, na kwenye daraja kuna vijiskrubu vya kushusha nyuzi. Mpelekee fundi anayejua magitaa, asiwe yeyote mwenye bisibisi: chuma cha shingo hakitaki ubabe. Nimeona besi ya kukodi ikivunjwa hivyo saa moja kabla ya bibi harusi kuingia ukumbini, na mwenye besi alinitazama mimi.

Chumvi nayo inakula nyuzi. Uzi wenye kutu unakwama kidoleni, na kidole kinachokwama ni kidole kizito. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila umalizapo. Zikishakuwa chafu na mfukoni hamna kitu, zichemshe kwenye maji dakika chache uzikaushe vizuri. Uchafu na mafuta hutoka na sauti inarudi kwa muda. Sufuria usiichukue bila ruhusa ya mwenye jiko.

Kuhusu sugu, zitakuja zenyewe ndani ya wiki kadhaa na hazihitaji kuwa nene. Spiriti inakausha ngozi mpaka ipasuke, na kidole kilichopasuka kinakuweka nje siku tatu. Supagluu sitaiongelea.

Uchovu na maumivu si kitu kimoja

Msemo wa "bila kuumia hupati" umewaharibia watu mikono. Kigasha kuchoka kwa joto la kawaida na kupoa ukipumzika, hiyo ni kazi. Maumivu makali yanayochoma, au yanayobaki mpaka kesho yake, ni amri ya kusimama. Kano hujijenga polepole kuliko misuli, kwa hiyo misuli inaweza kukuambia twende wakati kano bado haziko tayari.

Ganzi ina lugha yake. Ikishika gumba, cha shahada na cha kati, mara nyingi neva inayopita kwenye ile njia nyembamba ya kifundo cha mkono imebanwa. Ikishika cha mwisho na cha pete, angalia kiwiko, ile sehemu ambayo ukijigonga unapigwa na umeme. Kwa vyovyote, ganzi inayorudi rudi si ya kusugua mafuta na kuendelea. Nenda hospitali ya Bombo au kituo chochote cha afya, na uwaambie kwamba unapiga gitaa, maana wasipoulizwa wagonjwa husahau kusema.

Vifaa vya kukazia vidole navyo vina historia ya kutisha. Robert Schumann, mtunzi wa Kijerumani wa karne ya 19, aliharibikiwa mkono wa kulia akiwa kijana na ndoto yake ya kuwa mpiga piano ikafia hapo. Sababu inabishaniwa mpaka leo, lakini kifaa cha kufanyia kidole mazoezi hakikosi kutajwa kati ya washtakiwa. Alibaki mtunzi mkubwa. Sisi wengine hatuna akiba hiyo.

Kijana alirudi baada ya wiki tatu hivi. Nilikuwa pale pale kwa fundi, ampu yangu ilikuwa bado inakoroma. Akaniambia harusi ya Makorora alipiga mpaka mwisho, mkono ulianza kuwa mzito wimbo wa tisa badala ya wa tatu, na kidole cha mwisho bado kinamkatalia. Nikamwambia anionyeshe. Alipoanza, gumba lilikuwa limezama nyuma ya shingo tena, nikaligonga kwa bisibisi ya fundi, likalegea.

Mpira wake hakuuulizia. Fundi alishaukata nusu, akauweka chini ya mguu wa meza yake uliokuwa unayumba.